Benchi la Kijani (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA

Wiki iliyopita tuliiacha Ulaya ikihema. Ugiriki ilikuwa imeahidiwa mkopo wa euro bilioni 110 tangu Mei 2010 na bado haijasimama. Ireland ikafuata, Ureno ikafuata. Novemba 2011 wakaanguka mawaziri wakuu wawili ndani ya siku chache, George Papandreou wa Ugiriki na Silvio Berlusconi wa Italia. Riba ya Italia kukopa kwa miaka kumi ikavuka asilimia 7. Maji shingoni! Wakuu wa nchi 27 wakaitwa Brussels, na mmoja wao alikuwa David Cameron, Waziri Mkuu wa Uingereza.

SASA ENDELEA

Msomaji wangu, kabla sijakufungulia mlango wa ukumbi, niwekee akilini kitu kimoja. Benchi.

Bunge la Uingereza halina viti vya mmoja mmoja kama letu la Dodoma. Wabunge hukaa bega kwa bega kwenye mabenchi marefu ya ngozi ya kijani, na benchi la mbele ni la mawaziri.

Siku nne baada ya usiku ninaotaka kukusimulia, Cameron ataketi kwenye benchi hilo, na mtu mmoja aliyepaswa kuwa pembeni yake hatakuwepo.

Nani huyo? Na kwa nini? Tulia. Usirukie kurasa za mbele.

*

Alhamisi, Desemba 8, 2011. Wakuu 27 wameketi ndani ya jengo la Justus Lipsius. Kumi na saba kati yao wanatumia euro. Kumi hawaitumii, na Cameron ni mmoja wa hao kumi.

Sasa jiulize. Mtu asiyeitumia sarafu yenyewe, vipi awe ndiye aliyeshika usingizi wa bara zima?

Twende kwanza kwa kina mama wa VICOBA. Unalijua lile sanduku lao lenye kufuli tatu? Funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Halifunguliwi mpaka kikundi kikutane, fedha zihesabiwe mbele ya macho ya wote, na kila deni litajwe kwa sauti mwenye nalo akisikia. Hakuna anayekopa gizani.

Euro ilizaliwa bila kufuli hizo. Noti zake zilipoingia mifukoni Januari 1, 2002, sarafu ilikuwa moja, lakini kila serikali ilibaki na hazina yake, madeni yake na siri zake.

Sheria ilikuwepo, sikatai. Nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Lakini mwaka 2003 Ujerumani na Ufaransa, vigogo wenyewe, walikuwa wameivuka, na hakuna aliyewapiga faini.

Kisha Oktoba 2009 serikali mpya ya Ugiriki ikafungua vitabu vya hesabu. Nakisi ilikuwa zaidi ya asilimia 12, mara mbili ya ile iliyokuwa ikitangazwa. Waliokuwa wakiikopesha Ugiriki kwa riba ya chini wakaanza kukimbia, na walipokimbia hawakuishia Athens.

Ndiyo maana Angela Merkel wa Ujerumani alikwenda Brussels akitaka kufuli. Kila nchi ifungwe kisheria kwenye bajeti yake, na anayevuka aadhibiwe bila kubembelezana. Alitaka kufuli hizo ziandikwe ndani ya mkataba wa Umoja wa Ulaya. Na mkataba huo haubadilishwi mpaka nchi zote 27 zikubali.

Zote!

Umeiona sasa silaha ya Cameron? Ni neno moja tu.

Najua kuna anayeuliza: mimi nalipwa kwa shilingi, haya yananihusu nini? Yanakuhusu, ndugu yangu. Novemba 30, 2013, huko Kampala, marais wa Afrika Mashariki walisaini itifaki ya kuwa na sarafu moja. Lengo lilikuwa 2024, na mwaka huo umepita tukiwa bado na noti zetu tofauti. Siku mazungumzo yatakapopamba moto, swali la kwanza utakalowauliza wakubwa liwe hili la sanduku: nani ana funguo, na mmoja akikopa kupita kiasi nani analipa?

Turudi ukumbini. Chakula kimeshaliwa, na Cameron anataka kusema.

*

Alikwenda na karatasi yenye masharti. Alikuwa tayari kuwaruhusu wabadilishe mkataba, ila naye apewe kinga kwa ajili ya City, ule mtaa wa London wenye mabenki, bima na masoko ya fedha. Sheria kadhaa za kusimamia fedha zisipitishwe bila Uingereza kuridhia. Hofu ilikuwa kubwa, kwa sababu Septemba ya mwaka ule Brussels ilikuwa imependekeza kodi ya kila muamala wa masoko ya fedha, na sehemu kubwa ya miamala hiyo ya Ulaya ilikuwa inafanyika London.

Ni ombi la haki? Nitakupa hukumu yangu baadaye, na nina ushahidi nimeuficha mfukoni.

Kwa sasa fahamu kwamba Cameron alikuwa ameshapoteza mchezo kabla hajaketi. Aliupoteza mchana wa siku hiyo hiyo, katika mji ambao hata hakuukanyaga.

Mji wenyewe ni Marseille, bandari ya kusini mwa Ufaransa. Vyama vya mrengo wa kulia wa kati vya Ulaya nzima vilikuwa na mkutano wao pale. Merkel alikuwepo. Nicolas Sarkozy, rais wa Ufaransa, alikuwepo. Ni mikutano ya namna ile ambayo watu hunong'onezana koridoni, wakapimana, wakaelewana, halafu jioni mkutano rasmi unakuwa wa kugonga muhuri.

Cameron naye si mtu wa mrengo huo? Ndiye! Sasa mbona hakuwepo?

Kwa sababu alijitoa mwenyewe. Mwaka 2005, alipokuwa anausaka uongozi wa chama cha Conservative, alihitaji kura za wabunge wasioipenda Ulaya. Akawaahidi kwamba akishinda atakitoa chama kwenye kundi lile. Akashinda Desemba 2005. Mwaka 2009 akatimiza.

Alilipa deni la nyumbani kwa mali ya ugenini. Shika sana mtindo huu, kwa maana atautumia tena.

Usiku unazidi kukua. Sarkozy hataki hata kuisikia ile karatasi. Merkel naye hasogei. Na kule Uingereza kuna mtu mmoja hana habari kwamba nyumba yake inakaribia kuungua.

*

Anaitwa Nick Clegg. Naibu Waziri Mkuu.

Ukitaka kuijua Ulaya iliyo ndani ya mtu, mtazame Clegg. Mama yake ni Mholanzi. Mke wake ni Mhispania. Yeye mwenyewe anazungumza lugha tano. Aliwahi kufanya kazi Brussels katika Kamisheni ya Ulaya, kisha akawa mbunge wa Bunge la Ulaya kuanzia 1999 hadi 2004.

Huyu ndiye aliyeingia serikali ya mseto na Cameron!

Uchaguzi wa Mei 6, 2010 haukumpa mtu ushindi kamili. Conservative viti 306, Labour 258, Liberal Democrats wa Clegg viti 57. Ili utawale bila wasiwasi unahitaji 326. Wakazungumza siku tano. Mei 12 wanaume wawili wakasimama kwenye bustani ya Downing Street mbele ya waandishi wa habari, wakicheka kama maharusi.

Wakenya hawahitaji kuelezwa ndoa ya namna hii. Wao waliishi na serikali ya nusu mkate tangu 2008. Januari 2011, mwaka huu huu ninaoutaja, Rais Mwai Kibaki alitangaza majina ya Jaji Mkuu na wakubwa wengine wa sheria, na Waziri Mkuu Raila Odinga akajitokeza kusema hakushirikishwa ipasavyo. Mpaka mahakama ikaingilia na majina yakaondolewa. Mkate ukigawanywa nusu kwa nusu, kisu bado kinabaki mkononi mwa mmoja.

Kwa Clegg kisu kilikuwa kimeshakata mara mbili. Kabla ya uchaguzi wagombea wa chama chake walisaini ahadi ya kupinga nyongeza ya ada za vyuo vikuu. Desemba 9, 2010 serikali yake ikapitisha ada ipande hadi pauni 9,000 kwa mwaka, na chama chake kikapasuka mle mle bungeni. Wanafunzi waliomchagua wakaandamana dhidi yake. Mei 2011 akapata kura ya maoni aliyoililia, ya kubadilisha mfumo wa uchaguzi, na karibu asilimia 68 ya waliopiga kura wakasema hapana.

Alibakiwa na nini cha kuwaonyesha watu wake?

Ulaya tu. Hicho ndicho kitu pekee ambacho kila mtu alijua Clegg anakiamini kwa moyo.

Na upande wa pili wa kitanda? Oktoba 24, 2011, wabunge 81 wa chama cha Cameron mwenyewe walimwasi na kutaka kura ya maoni kuhusu Ulaya. Hazijapita wiki saba tangu siku hiyo. Jumatano, kesho yake akitarajiwa Brussels, mbunge mmoja wa chama chake alisimama bungeni akamtaka aende na moyo wa mbwa wa bulldog.

Kwa hiyo pale mezani Brussels hakuketi peke yake. Alikuwa na 81 wanampulizia kisogoni.

*

Yapata saa nane na nusu usiku.

Ngoja. Kabla hajafungua mdomo, nikuonyeshe picha moja ya zamani.

Septemba 16, 1992. Siku ile Uingereza ilikuwa inahangaika kuishikilia pauni isishuke mbele ya sarafu za Ulaya. Asubuhi riba ilikuwa asilimia 10. Ikatangazwa 12. Mchana ikatangazwa 15. Ndani ya siku moja! Fikiria mtu mwenye mkopo wa nyumba, anasikiliza redio huku moyo unamdunda.

Haikusaidia. Jioni Waziri wa Fedha, Norman Lamont, akatoka nje kuwaambia waandishi kwamba Uingereza inajitoa kwenye mfumo ule. Tazama vizuri ile filamu ya habari. Nyuma ya Lamont yupo kijana mmoja, mshauri wake, nywele zimelala vizuri, uso umekakamaa.

Umri wake miaka 25. Jina lake David Cameron.

Kijana aliyesimama pale akaona nchi inavyodhalilika hadharani kwa sababu ya sarafu, akikua unadhani atakuwa mtu wa aina gani mbele ya euro? Nakiri namwelewa. Hofu yake haikuwa ya kubuni. Kukaa nje ya euro kuliiacha Uingereza na sarafu yake na benki kuu yake, na kwa hilo sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni kwa kile alichokifanya saa nane na nusu.

Alisema hapana.

*

Ulitarajia nini kitokee? Meza igongwe? Mkutano uvunjike?

Hakuna kilichovunjika. Merkel na Sarkozy walichukua njia nyingine. Kama mkataba wa wote haubadiliki, basi tutaandika wetu pembeni, nje ya ule wa Umoja. Anayetaka aje.

Asubuhi ilipopambazuka karibu wote walikuwa wamesogea upande ule. Wachache wakasema watauliza mabunge yao kwanza. Ijumaa ilipokuwa inaisha hesabu ilisomeka 26 kwa 1.

Kamera zikamnasa Sarkozy akipita mbele ya Cameron. Cameron amenyoosha mkono. Sarkozy anautelezea pembeni, macho yako mbele, anakwenda kumsalimu mwingine. Ni sekunde chache, lakini televisheni za Uingereza zilizirudia mpaka watoto wakazijua.

Lakini mimi sekunde zinazonikaa moyoni ni nyingine. Ni za simu.

Yapata saa kumi alfajiri, kwa saa za Uingereza, simu ya Nick Clegg ikaita. Upande wa pili kulikuwa na Brussels. Masharti yale Clegg aliyajua na alikuwa ameyakubali kabla. Ila kwamba mwenzake angeinuka na "hapana" na kuiacha nchi peke yake, hilo aliambiwa likiwa limeshafanyika. Ameamshwa kupewa taarifa, si kuombwa ushauri.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Clegg alimeza. Ijumaa ile akatoa kauli ya upole, akisema masharti ya Uingereza yalikuwa ya kiasi. Jioni hiyo hiyo, wakati yeye anajikaza, Cameron alikuwa mwenyeji wa chakula kwenye nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu, Chequers. Wageni wenyewe? Wabunge wa chama chake wasioipenda Ulaya. Unaweza kuwazia nyuso zao.

Jumamosi simu za wana-Liberal Democrats hazikukatika.

Jumapili, Desemba 11, Clegg akaingia studio za BBC, na sauti ilikuwa imebadilika. Akasema amesikitishwa mno, na kwamba Uingereza iko hatarini kutengwa na kusukumwa pembeni.

Serikali moja, siku mbili, ndimi mbili. Na kesho yake ni Jumatatu. Bunge linakutana.

*

Sasa ndiyo tunafika kwenye benchi.

Jumatatu alasiri, Desemba 12. Ukumbi umejaa. Cameron anaingia kusoma taarifa yake, na wabunge wa viti vya nyuma wa chama chake wanamshangilia kama mshindi wa vita.

Macho ya upinzani hayako kwake. Yanatembea kwenye benchi la mbele, waziri mmoja baada ya mwingine, yanatafuta. Labour wanaanza kupiga kelele: yuko wapi? Clegg yuko wapi?

Hayupo.

Baadaye aliwaambia waandishi kwamba angekuwepo watu wangemtazama yeye badala ya kusikiliza taarifa. Mimi jibu hilo halinitoshi. Kama Naibu Waziri Mkuu anaamini nchi imekosewa, mahali pake ni pale pale bungeni, akae, avumilie kelele, aonekane. Watu 57 walioingia kwa jina lake walistahili hilo, na mamilioni waliowapigia kura walistahili zaidi.

Nilikuahidi hukumu juu ya Cameron, na ushahidi wa mfukoni. Huu hapa. Ile kodi ya miamala iliyoitisha City, kwa sheria za Umoja wa Ulaya kodi haipitishwi mpaka nchi zote zikubali. Uingereza ilikuwa tayari na uwezo wa kuizuia, kabla ya karatasi yoyote, kabla ya chakula, kabla ya saa nane na nusu. Na sheria nyingine za fedha zilizokuwa zinapitishwa kwa wingi wa kura, ziliendelea kupitishwa vilevile kama jana yake. Machi 2, 2012 nchi 25 zilisaini mkataba wao. Uingereza na Jamhuri ya Cheki zikabaki nje.

Kura ya turufu huzuia kitu. Ile ilizuia nini? Hakuna. Aliipiga kwa ajili ya wale 81, na nchi 26 zikajifunza kukaa mezani bila Uingereza.

Na wakati wanaume hawa wanavutana juu ya karatasi, Mgiriki aliyefutwa kazi alikuwa anasubiri. Ukosefu wa ajira nchini mwake uliendelea kupanda mpaka 2013 ulipovuka asilimia 27. Hispania zaidi ya nusu ya vijana waliokuwa wakitafuta kazi hawakuipata. Hao hakuna aliyewashangilia bungeni.

Sijamaliza. Kuna mtu mmoja ambaye nimempitisha kimya kimya usiku kucha, na huenda hukumwona. Mtaliano. Desemba 8 ile ile, saa chache kabla ya mkutano, akiwa Frankfurt, alitangaza kwamba Benki Kuu ya Ulaya itayakopesha mabenki fedha kwa miaka mitatu. Anaitwa Mario Draghi. Miezi saba na ushee baadaye, Julai 26, 2012, atasimama na kutamka maneno machache ambayo yataituliza euro kuliko mkataba wote ule. Na wapi? London! Mji ule ule ambao Cameron alisema anaulinda dhidi ya Ulaya.

Wale 81 nao, unadhani waliridhika? Aliyelishwa mara moja hurudi na sahani. Januari 23, 2013 Cameron atawalisha tena, safari hii kwa ahadi nzito kuliko zote, na Clegg atakuwa bado ndani ya serikali hiyo hiyo.

Jumamosi ijayo tuanzie hapo. Ila chukua kalamu sasa hivi, uandike pembeni ya ukurasa huu idadi ya viti vya Liberal Democrats: 57. Nitakuomba uikate, uandike nyingine.